Kwa Baba Neema, kuhusu tela za friji za kushirikiana

Omaha, Nebraska, Marekani

Kaka yangu Baba Neema,

Habari za huko, na habari za mama watoto? Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaosumbua baridi ikizidi. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya kupakia nyama, nikaona si wa kujibiwa kwa mistari miwili. Kama kweli bosi wako ameamua tela za friji zisiwe tena na dereva maalumu, mmoja atoe parachichi Njombe mpaka Makambako, mwingine aunge pale ateremke nazo Dar, basi unaingia kwenye jambo ninalopambana nalo kila siku. Nataka uingie ukiwa unalijua.

Huku kampuni nyingi kubwa zina tela nyingi kuliko vichwa vya malori vya kuzivuta. Unafika ghalani, unaacha tela yenye mzigo, unaunga nyingine, unaondoka. Faida yake siikatai. Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 tu ndani ya saa 14 tangu nianze kazi, kisha nipumzike saa 10 mfululizo, na kuna kifaa kimeunganishwa na injini kinachohesabu kila dakika. Kusubiri kushushiwa mzigo kunaweza kumeza nusu ya siku hiyo, kwa hiyo kubadilishana tela kunatuokoa. Shida huanza ukishaikagua hiyo uliyoachiwa.

Chukua mafuta. Mashine ya baridi ina injini yake na tangi lake la dizeli chini ya tela, karibu lita 190. Kanuni ya yadi yetu ni kwamba huachi tela ikiwa chini ya robo tatu. Mara nyingi nakuta mshale umelala kabisa. Na ikishazimika kwa kukosa mafuta, kujaza peke yake hakutoshi: hewa imeshaingia kwenye mabomba, mpaka uitoe ndipo injini ikubali kuwaka. Ukimaliza hapo, lazima uipooze tela kabla ya kupakia, kwa sababu mashine hizi kazi yake ni kutunza ubaridi ambao mzigo unao tayari. Mzigo wa moto haziuwezi. Kwa majani ya saladi kutoka Salinas, California, tunaweka 34 kwa kipimo chao cha Farenhaiti, yaani nyuzi 1 ya Selsiasi. Mpakiaji anaelekeza kipimajoto ukutani, akiona bado pana joto anakutoa kwenye mstari. Mwenzako aliyekuachia tangi tupu saa hiyo yuko mbali, na saa zako 14 zinakwisha ukiwa umesimama.

Linaloniuma kuliko yote ni mfuko wa hewa. Darini mwa tela kuna mfuko mrefu wa turubai unaopeleka hewa baridi kutoka kwenye mashine mbele hadi milangoni nyuma. Foklifti ikiinua paleti, yaani jukwaa la mbao lenye mzigo, juu kupita kiasi inauchana. Ukichanika, hewa yote inamwagika mbele: paleti za mbele zinaganda, za nyuma zinapata joto, na skrini ya mashine inaweza kuendelea kuonyesha namba nzuri, maana inapima hewa inayorudi palepale mbele. Nimewahi kukabidhiwa tela iliyokwisha pakiwa na milango kufungwa sili, yaani lakiri, nisiruhusiwe kuifungua. Nilipofika Chicago, saladi za mbele zilikuwa barafu tupu na za nyuma zimelegea. Mpokeaji akaukataa mzigo. Ule mpasuko ulikuwa wa siku nyingi, kingo zake zimeshakuwa nyeusi kwa uchafu. Madereva walioitumia ile tela kabla yangu waliuona, na hakuna aliyeandika hata neno moja kwenye karatasi ya ukaguzi. Chakula cha watu kilitupwa, Baba Neema. Hilo mpaka leo sijalizoea.

Uchafu nao upo: damu ya kuku sakafuni, harufu ya vitunguu isiyotoka, vipande vya paleti vilivyoziba matundu ya kutolea maji. Tangu 2016 kuna kanuni ya serikali kuu inayotaka chombo cha chakula kiwe safi, hivyo dereva anayekuja ndiye anayekwenda kupanga foleni ya kuosha. Matairi vilevile. Yakiwa kipara na polisi wakakusimamisha, kosa linaingia kwenye kumbukumbu zako wewe uliyekutwa nayo.

Kwa muda mrefu nilikuwa nawalaumu wenzangu tu, na wapo wanaostahili lawama. Lakini wengi wetu tunalipwa kwa maili. Dakika ishirini za kwenda kujaza dizeli ya tela ambayo hutaiona tena hazina malipo. Kufagia hakuna malipo, kuripoti turubai lililochanika na kumsubiri fundi hakuna malipo. Kampuni imeondoa mwenye tela, haikuweka mtu wa kulipwa kwa kuitunza, halafu inashangaa kwa nini tela zinaharibika. Kwangu kosa kubwa liko hapo.

Kwa hiyo usikatae mpango wa bosi wako, ila msianze kazi kabla ya kukubaliana juu ya makabidhiano. Nusu saa ya Makambako ilipwe, kwa anayeacha na kwa anayepokea. Mafuta ya jenereta inayoendesha friji ya kontena mnalobeba kwenye tela yapimwe mbele yenu wote wawili na lita ziandikwe, maana unajua mwenyewe yanavyonyonywa njiani. Mpige picha matairi, milango, sili na skrini ya kontena. Na mdai rekodi ya joto isomwe palepale. Mashine zenyewe zinaitunza. Parachichi likipata joto kati ya Njombe na Makambako huwezi kuliona kwa macho siku hiyo. Litaivia melini, na wanunuzi wa Ulaya wakilalamika, utakayetafutwa ni wewe uliyelifikisha bandarini.

Kingine, msikubali kupokea kontena lililofungwa sili bila karatasi inayosema nani alilikagua ndani kabla ya kufungwa, na saa ngapi. Mng'ang'anie hilo hata kama bosi atasema mnachelewesha gari.

Mkishaiandika hiyo karatasi nitumie picha niisome, nitakwambia palipopungua. Jumapili nitakuwa kwenye mapumziko, nitakupigia jioni ya huko. Msalimie mama Neema, na Neema mwenyewe mwambie nimefurahi kusikia amefaulu.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Imani