Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Vichocheo vya Kuondoa Salfa

Ndugu wanachama,

Ada na hesabu atazieleza mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia, hapa yale ya kuondoa salfa kwenye mafuta, maana ndivyo vilivyotugawa mwaka huu.

Baadhi yenu mliuliza: salfa ya mafuta inatuhusu nini, wakati Mombasa iliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013 na dizeli hutufikia ikiwa tayari? Swali ni la haki. Mwaka 2015 viwango vya Afrika Mashariki viliiwekea dizeli kikomo cha miligramu 50 za salfa kwa kilo, na kazi ya kuishusha salfa hufanywa ng'ambo. Lakini Uganda ina mpango wa kiwanda cha kusafisha mafuta kule Kabaale, Hoima, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, metali inayotumika kwenye vichocheo hivi, inachimbwa Kongo. Tukibaki wasikilizaji, hata ushauri tutaununua.

Somo lililowachangamsha wengi ni hili: kichocheo cha metali za kobalti na molibdeni zilizobebwa juu ya alumina (oksaidi ya alumini) hufika kiwandani metali hizo zikiwa oksaidi, yaani zimeshikana na oksijeni, na hakifanyi kazi ipasavyo mpaka kilishwe salfa. Yaani dawa ya salfa huanza kwa kunywa salfa! Kisha, kwenye nyuzijoto 300 hadi 400 na haidrojeni ya mgandamizo mkubwa, huing'oa salfa ya kwenye mafuta, ikatoka kama haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza. Molekuli nyingi zenye salfa hukubali mapema. Sugu ni 4,6-dimethildibenzothiofeni: vikundi viwili vya methili (kaboni moja na haidrojeni tatu kila kimoja) vimesimama ubavuni mwa salfa kama mabaunsa mlangoni. Hapo nikeli hushika vizuri kuliko kobalti, kwa sababu huanza kwa kuijaza haidrojeni pete ya atomi iliyo ndani ya molekuli. Pete ikipinda, salfa hujitokeza.

Ombi la mtambo wa mgandamizo nililikataa mimi, na manung'uniko yamenifikia. Maabara tunayoazima haina kitambua gesi. Haidrojeni salfaidi ikizidi huua kwanza pua, halafu mwenye pua.

Kikundi kikahamia njia ya kuoksidisha, yaani kuiongezea salfa oksijeni: haidrojeni peroksaidi, joto chini ya nyuzi 100, mgandamizo wa kawaida. Huku ile molekuli sugu hulegea upesi kuliko thiofeni yenyewe, molekuli ndogo ya pete yenye salfa, na ikishageuka salfoni (salfa yake ikiwa imeshikana na oksijeni) hutolewa kwa kiyeyusho. Kasoro ni kwamba kiyeyusho huondoka na mafuta kidogo, na salfoni nazo zinataka pa kwenda. Matokeo yetu siyasifii bado. Sampuli mbili za dizeli ya kidumu kimoja zilitoa majibu tofauti, na kipimo cha salfa tunachotumia ni cha kuazima.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uidhinishe fedha za kupimisha sampuli kabla ya kugusa fungu la chakula cha mwisho wa mwaka. Fomu za kujiunga na kikundi anazo katibu; wenye uzoefu wa maabara waanze wao.