Kwa mdogo wangu aliyebadilisha difu ya Baba

Mdogo wangu,

Ujumbe wako kwenye grupu la ukoo nimeusoma. Umeuliza kama gari la Baba, ile Datsun 240Z, litaweza kumbeba bwana harusi kutoka Magomeni mpaka ukumbini, halafu ukaongeza: "Au bado mnalitesa na 3.9?" Walioweka vicheko pale chini hawajui ulichokuwa unasema. Mimi najua. Sikukujibu palepale kwa sababu ya Mama na shangazi zetu. Nakujibu hapa, penye nafasi, na anayetaka kusoma asome.

Ndiyo, ni 3.9: namba ya difu, zile gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye tairi, na maana yake shafti inayotoka giaboksi inazunguka mara 3.9 tairi zikizunguka mara moja. Wewe uliitoa ukaweka yako ya 3.36 kutoka Marekani; mimi nimeirudisha 3.9, na haitoki tena.

Kwanza nikupe haki yako. Hesabu ulizoandika nyuma ya karatasi ya michango ya msiba zilikuwa sahihi. Tairi zetu za 195/70 rimu 14, zikizunguka duru moja, zinasogea karibu mita 1.95. Kwa gia namba nne, ambayo inapitisha mzunguko wa injini moja kwa moja, difu ya 3.9 inakupa kilometa 30 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ile uliyokuja nayo ya 3.36 inakupa karibu 35. Ukiwa kwenye 100, ya kwanza inataka mizunguko kama 3,300, ya pili inatosheka na kama 2,900. Injini inapumua, kelele inashuka, mafuta yanapungua. Yote kweli, tena ungekuwa unaendesha Houston nisingekuwa na neno.

Lakini gari la Baba lina gia tano. Hilo ulilipita. Zile Datsun 240Z za mwanzo zilizopelekwa Marekani zilikuwa na gia nne, ndiyo maana zikapewa 3.36, zipate nafuu kwenye barabara ndefu za huko. Zilizokwenda Uingereza zilikuwa na gia tano, zikapewa 3.9, kwa kuwa nafuu yenyewe inakaa kwenye gia ya tano. Zidisha mwenyewe: 3.9 mara 0.85 ya gia ya tano ni 3.3. Baba akiingiza ya tano pale baada ya Kibaha, alikuwa tayari na hicho ulichotoka nacho Marekani ndani ya sanduku. Akikuta mlima, anarudi ya nne na nguvu yake yote ipo. Wewe uliweka 3.36 nyuma ya giaboksi hiyohiyo, gia ya tano ikawa kilometa 41 kwa kila mizunguko 1,000. Niitumie wapi? Vijiji vimefuatana mpaka Chalinze, kila kimoja na kibao chake cha 50, na kwenye 50 gia hiyo inaishusha injini mpaka mizunguko 1,200. Injini ile inafikia msukumo wake mkubwa kwenye 4,400. Chini kule inatetemeka tu.

Na gia namba moja je? Wewe difu unaipima kwa gia ya mwisho. Mtu wa Dar anaipima kwa gia namba moja, maana ndiyo anayoshinda nayo. Kwa difu ya Baba, mizunguko 1,000 kwenye namba moja ni kilometa 10 kwa saa. Kwa yako ni karibu 12. Unaona ni kitu kidogo? Kaa na hizo mbili za ziada kwenye foleni ya Jangwani saa kumi na moja jioni, mabasi ya mwendokasi yanakupita pembeni, mbele yako bodaboda wamejipenyeza, na mguu wako hauwezi kuiachia klachi mpaka mwisho kwa sababu gari linataka kukimbia kuliko foleni. Nusu iko juu, nusu iko chini, na harufu inaingia ndani. Klachi ile Baba aliifunga mwenyewe. Haikumaliza mwaka baada yako.

Haya, niseme lile lenyewe.

Arobaini ya Baba. Turubai limefungwa, pilau iko jikoni, wanaume wako sebuleni wanasoma hitma, na mimi nikiwa mlangoni na birika la maji nasikia spana inaanguka kwenye saruji huko uani. Nikadhani ni watoto. Nikazunguka, nikakukuta wewe na yule kijana fundi mko chini ya gari. Najua ilivyo rahisi: 240Z haina ekseli nzima ya chuma nyuma, difu imefungwa peke yake kwenye mwili wa gari, shafti moja inakwenda kulia na moja kushoto. Ukishafungua hizo na propela, ile shafti inayotoka giaboksi, inabaki bolti chache, mzigo wote unashuka juu ya jeki. Ndiyo maana mliweza kumaliza kabla ya Alasiri. Lakini watu walikuwa wanamsomea mwenye gari, mdogo wangu. Ungengoja hata wale wageni waondoke.

Mjomba akatoka, akakuuliza unafanya nini. Ukasimama, ukafuta mikono kwa tambara, ukamjibu kwa sauti iliyofika chini ya turubai: "Baba gari hili alilipenda tu, hakulielewa."

Wajomba wakatikisa vichwa. Mama alikuwa anasikia.

Difu aliyotumia Baba miaka yote, uliiacha uani ikimwaga oili, na kabla sijajua nani kasema nini, yule kijana wa vyuma chakavu akawa ameshaipakia kwenye mkokoteni.

Hakulielewa? Wewe ndiye uliyekuwa umeshika kurunzi usiku ule alipofungua kifuniko cha nyuma akahesabu meno kwa chaki. Krauni, ile gia kubwa, meno 39; pinioni, gia ndogo inayoizungusha, meno 10. Ukamuuliza kwa nini wasiweke 40 kwa 10 iwe nne kamili. Akakueleza, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kwamba 39 na 10 hazina namba moja inayozigawa zote mbili, kwa hiyo kila jino la pinioni litakutana na kila jino la krauni kabla ya kurudia lile la mwanzo, na meno yanalika sawasawa. Kwa 40, jino lile lile lingekutana na wenzake wale wale wanne maisha yake yote, na likiwa na kasoro lingewaumiza hao hao. Difu yako ya 3.36 nayo ni 37 kwa 11, kwa sababu hiyohiyo. Uliyajua hayo kwa Baba. Hukuyajua Marekani.

Baba alikuwa kijana wakati Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda Safari Rally ya 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta aliposhinda ya 1973 kwa gari la aina hiyohiyo. Alisubiri miaka mingi mpaka akapata lake. Mtu aliyesubiri hivyo hakosi kulijua.

Sasa kuhusu tochi ya trafiki ya kupima spidi, kwa sababu uliniambia nimekuwa dereva mbaya. Mshale wa spidi kwenye gari lile unaendeshwa kutoka kwenye giaboksi, hauijui difu. Ukiweka difu ya namba ndogo bila kubadilisha kile kigia kidogo cha waya wa spidi, mshale unakudanganya. Nilikuwa nampeleka Mama Morogoro, tukafika Mlandizi, mshale uko kwenye 50, nikasimamishwa. Askari akanionyesha: 58. Nilibishana naye, Mama yuko pembeni amejiziba uso kwa ushungi. Baadaye nikakaa na kalamu: 50 mara 3.9, gawanya kwa 3.36, ni 58. Askari alisema kweli. Shilingi 30,000 nililipa mimi, na kwenye grupu ukaandika kuwa wanawake na magari ya michezo ni vitu viwili tofauti.

Nasikia na wewe umenunua 240Z yako huko Marekani, na ina gia nne. Kwa hiyo yako 3.36 ni sawa kabisa, usiiguse, na asikudanganye mtu na 4.11 kwa sababu ya kuondoka kwa kishindo kwenye taa. Siku ukiweka giaboksi ya gia tano, hapo ndipo ufikirie 3.9. Na ukinunua difu iliyotumika, usikubali maneno ya muuzaji. Mimi kwa wauza vipuri wa Gerezani niliambiwa "hii ni yenyewe, dada", nikamwambia fundi azungushe shafti zote mbili kwa pamoja duru moja. Pinioni ikazunguka nne kasoro kidogo. Ingekuwa ya aina yako ingesimama kwenye tatu na theluthi. Kisha tukafungua kifuniko, tukapaka rangi kwenye meno kuona yanagusana wapi, tukapima mchezo wake, ile nafasi ya kucheza kati ya meno, ukawa kati ya milimita 0.1 na 0.2. Ndipo nikatoa pesa.

Pesa yenyewe, kwa kuwa najua umeambiwa, ilitokana na zile rimu za Baba nilizoziuza. Ndiyo, niliziuza. Zilikuwa zimelala stoo zinaota kutu, na difu yake haikuwepo tena ya kurudisha, na sikukupigia simu kukuomba ruhusa kwa sababu na wewe hukuniomba ulipofungua bolti za kwanza. Shangazi anayesema nimeuza urithi aje apande, nimpeleke Pugu na kurudi, asikie injini inavyopanda mlima.

Difu yako ipo salama. Nimeipaka oili, nimeifunga kwenye gunia, iko chini ya ngazi. Ni kitu kizuri, na ni jasho lako, sikuweza kuitupa. Ichukue ukija.

Nimekumisi, ujue. Nikiwa uani nikisikia mtu anapiga mluzi nadhani ni wewe.

Gari litambeba bwana harusi, na ukitaka utaendesha wewe. Wajomba watakuwepo wote, na yule uliyemjibu siku ile ndiye mshenga. Ulisema mbele yao kwamba Baba hakulielewa gari lake. Simama mbele yao haohao useme alilielewa. Ufunguo nitakupa baada ya hapo, sio kabla.

Dada yako