Barua kwa mwanangu Rehema, kuhusu ile insha ya foleni

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
Jumapili usiku.

Mwanangu Rehema,

Natumaini zamu ya usiku imekwenda salama na wagonjwa wako wameamkia nafuu. Nimeona nikuandikie kwa sababu wiki hii nzima mimi na wewe tumekuwa tukipishana mlangoni, na pia kwa sababu mara ya mwisho nilipojaribu kukusahihisha kwa mdomo tuliishia kununiana mpaka chakula kikapoa mezani. Ile insha ya kujiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, uliyoniachia chini ya chupa ya chai nimeisoma mara tatu.

Mara ya kwanza sikuielewa, na nasema hivyo mimi niliyefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 29. Swali linauliza iwapo serikali zitumie fedha nyingi zaidi kwenye usafiri wa umma kuliko kwenye barabara mpya, nawe ukafungua kwa sentensi hii: "A plethora of denizens utilise public conveyances in order to commence their quotidian endeavours." Nilipoimenya, nilikuta ndani yake kwamba watu wengi hupanda basi kwenda kazini. Mwingereza angeandika "Many people take the bus to work", maneno 7 badala ya yako 14, na hakuna ambaye angemdhania kuwa hakusoma.

Chukua hilo "plethora" ulilolianzia. Asili yake ni neno la matabibu, lililotumika kwa damu iliyozidi mwilini, na hata leo, ingawa wengi hulitumia kwa maana ya wingi tu, bado linanuka kupita kiasi. Wewe muuguzi ulipaswa kuwa wa kwanza kulitilia shaka. "Denizens" nalo ni wakazi, lakini mara nyingi utalikuta likitajwa kwa viumbe wa baharini au wa porini, au mtu anapotania. Kwa hiyo umemwambia msahihishaji, bila kukusudia, kitu kinachokaribia kusema kwamba viumbe kupita kiasi wanapanda daladala. Kwa anayeijua Mbagala saa kumi na mbili asubuhi pengine si uongo, lakini hukukusudia mzaha.

Sikulaumu, kwa maana tulioanzisha ugonjwa huu ni sisi walimu. Katika midahalo ya shule nilizofundisha, aliyeshangiliwa alikuwa yule anayemwaga ung'eng'e mpaka wenzake waguse vichwa, na mimi mwenyewe, nikiwa nimeketi nyuma na karatasi ya alama, nilimwongezea. Kila Ijumaa niliandika ubaoni maneno magumu 10 ya kukariri, nikayaita mali. Wanafunzi wangu waliyabeba kama nguo za kuazima, na wengine, ukiwemo wewe uliyekuwa ukiyasoma kwenye daftari langu nyumbani, bado hamjayarudisha.

Jiulize lingekuwaje kwa Kiswahili. Neno "hatima" ni zuri, tunalijua sote, na lina mahali pake katika shairi na katika hotuba. Lakini siku utakayomwambia konda wa Mbezi, "Naomba unishushe kwenye hatima ya safari," gari zima litageuka kukutazama. Hapo kinachotakiwa ni "mwisho wa gari". Maana zinakaribiana, ila neno moja limezaliwa kwenye daladala na jingine limepanda kwa bahati mbaya.

Kiingereza kina tabaka hizo pia, na kwao chanzo chake kinajulikana. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, huku watu wa kawaida wakiendelea na lugha yao. Ndiyo maana kuna "begin" na "commence", "buy" na "purchase", "ask" na "enquire". La kwanza katika kila jozi ni la nyumbani, la pili liliingia na Kifaransa, na mpaka leo la pili linavaa suti. Mwenye lugha huhisi suti hiyo bila kufikiri. Sisi tuliojifunzia darasani tulipewa yote mawili kwenye orodha moja kama kwamba ni mapacha, kisha tukaambiwa lile refu ndilo bora.

Jambo linalonisumbua zaidi ya urefu wa maneno ni jinsi unavyoyaozesha, yaani neno lipi unaliweka na lipi. Angalia "piga" letu: tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga deki, na hakuna anayepigwa. Mgeni akisema "nitafanya simu" tutamwelewa, lakini papo hapo tutajua kuwa ni mgeni. Kiingereza nacho kimeyaozesha maneno yake kwa namna yake, wala hakikutushauri. Sisi tunakunywa dawa, hata zikiwa vidonge, wao wanasema "take medicine". Mvua ikizidi kwetu ni kubwa, kwao ni nzito, "heavy rain". Katika ukurasa wa pili umeandika "do a mistake" na "big rain", na hapo hapo, mstari mmoja chini, ukaweka "deleterious ramifications", yaani madhara tu. Msahihishaji anayekutana na "do a mistake" jirani na "ramifications" anajua mara moja kwamba hilo la pili ni la kuazima. Ningekuwa wewe, saa moja niliyoitenga kukariri neno moja kama hilo ningeitumia kujua ni nini hasa Waingereza hu-"make" na ni nini hu-"do".

Najua utaniambia kwamba IELTS inapima msamiati, na kwamba alama 7 unayoitafuta haipatikani kwa maneno ya kitabu cha darasa la tatu. Ni kweli kwamba msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vya sehemu ya kuandika, pamoja na kujibu swali lenyewe, mtiririko wa hoja, na sarufi, na kila kimoja kina uzito sawa na mwenzake. Ni kweli pia kwamba maelezo ya vigezo hivyo, ambayo yamewekwa wazi kwa kila mtu, yanataja maneno yasiyo ya kawaida sana. Lakini yasome mpaka mwisho: yanataka neno liwe sahihi, likae na wenzake wanaolistahili, na liandikwe kwa herufi zake. Neno lisilo la kila siku si lazima liwe la fahari. Linaweza kuwa lile tu linalokigusa kitu chenyewe.

Nitakuonyesha ndani ya insha yako hiyo hiyo. Uliposimulia mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, uliiita njia yao "exclusive vehicular corridor", na nikakaribia kuitupa karatasi. Hiyo ni "bus lane", basi. Lakini aya ya tatu, pale unapoeleza wajawazito wanaofika wodini wamechelewa kwa sababu ya foleni, umeandika "stuck in traffic", ukaandika "overcrowded", ukaandika "understaffed" kwa zamu yenu ya usiku. Hayo hukuyatoa kwenye daftari langu. Umeyaishi, na ndiyo sababu yamekaa. Hiyo ndiyo aya pekee ambayo sikuigusa kwa penseli.

Usije ukaruka upande wa pili, ukaanza kuandika "kids" na "stuff" kama unamtumia ujumbe rafiki yako. Insha ni insha. Wala usirudie maneno ya swali neno kwa neno, maana yale uliyonakili hayahesabiwi. Muda nao si mwingi: dakika 60 kwa kazi mbili, ya kwanza isipungue maneno 150 na ya pili isipungue 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Anayetumia dakika tatu kulisaka neno la kumshangaza mtu asiyemjua atamaliza bila kurudia tahajia.

Nimeweka alama mahali 11. Penye mstari mmoja, tafuta neno ambalo ungemwambia mgonjwa anayejua Kiingereza na ana haraka. Penye mistari miwili, futa tu, hakuna kitakachopotea. Ukiona nimekosea, niandikie pembeni. Nimestaafu, lakini bado nasahihishika.

Alhamisi ukiwa huna zamu tutafanya sehemu ya kuzungumza. Nitakupa dakika 1 ya kujiandaa, kisha dakika 2 za kunieleza safari usiyoisahau, na nimekwisha kuichagua: ile boti ya Zanzibar uliyotapika tangu tulipotoka bandarini mpaka tulipofunga gati pale Malindi ya Unguja, huku ukiapa kwamba utarudi kwa miguu. Ukiniambia ulipatwa na "maritime indisposition" nitasimamisha saa. Neno lake ni "seasick", na sidhani kama kuna anayelijua kuliko wewe.

Uji uko kwenye chupa nyekundu.

Mama yako.