Makumbusho ya sanaa Mtwara yaanze na daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu haja ya kuwa na makumbusho ya sanaa hapa Mtwara. Kila jambo hili linapozungumzwa, mazungumzo huishia kwenye kiwanja, ramani ya jengo na mfadhili, ilhali kinachoyafanya makumbusho yawe makumbusho ni mkusanyiko wake, nao hukua polepole, kazi moja baada ya nyingine, kwa miaka mingi.

Makumbusho ya sanaa ya jiji la Chicago, Marekani, yaliasisiwa mwaka 1879, na hapo mwanzo sehemu kubwa ya vilivyoonyeshwa ilikuwa nakala za plasta za sanamu za Ulaya. Picha yao mashuhuri ya Georges Seurat, inayoonyesha watu wakipumzika kando ya mto siku ya Jumapili, iliingia mwaka 1926 kama zawadi ya Frederic Clay Bartlett kwa kumbukumbu ya marehemu mkewe, Helen, na nambari yake ya usajili, 1926.224, hadi leo inamwonyesha mtafiti mwaka ilipopokelewa. Mwaka 1942 wakanunua picha ya Edward Hopper iitwayo Nighthawks, mwaka uleule mchoraji alipoimaliza. Hili ndilo linalotuhusu zaidi, kwamba walimnunulia msanii angali hai.

Wachongaji wetu nao wapo hai, lakini kazi zao nzuri huondoka, na si jambo la jana. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya watu wa huku, vinyago vikiwemo, vikapelekwa Ujerumani. Kinyago kingine cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikanunuliwa mwaka uliofuata na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na hakikurejeshwa hadi mwaka 2010. Madai ya kurejeshewa vitu namna hiyo husimama juu ya kumbukumbu zilizoandikwa, na asiye na daftari la kuorodhesha mkusanyiko wake hana cha kudai.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani itenge kila mwaka fungu dogo la kununua kinyago kimoja au viwili kwa mchongaji mwenyewe, kwa bei ya haki, na afisa utamaduni aandike daftarini jina la mchongaji, kijiji chake, aina ya mti, bei, na maelezo ya mchongaji kuhusu alichokichonga. Chumba kimoja chenye kufuli kinatosha kuanzia, mradi kisiwe na joto kali wala kiyoyozi cha kuwashwa na kuzimwa, kwani mpingo ukikaushwa ghafla hupasuka.

Zawadi zipokelewe pia, ila kwa uangalifu mkubwa. Lipiko la zamani, yaani kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani ngomani, lililochongwa kwa mti mwepesi na kubandikwa nywele za binadamu kwa nta, lilikuwa na masharti yake, na kwa desturi wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawakuruhusiwa kuliona likiwa limevuliwa. Anayelileta aeleze amelipataje, na wazee wa kijiji lilikotoka waulizwe kabla halijaandikwa daftarini. Wakikataa, lirudishwe kwao.

Wako,
Msomaji, Shangani, Mtwara