Risala ya Kikundi cha Kusoma Neno kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji na makatekista, mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa mwalo, wazee wetu, itifaki imezingatiwa. Bwana Yesu asifiwe! Karibu Ilemela, na pole kwa vumbi la barabara.

Historia tusikuchoshe nayo. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika upande huu wa ziwa mwaka 1877, mapadri wa White Fathers wakaja Bukumbi mwaka 1883, Biblia ya Union ikatoka mwaka 1952, kisha sisi tukaanza kusoma chini ya mkuyu huu. Hukutana siku za mbalamwezi, maana giza likirudi wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao.

Mafanikio ni makubwa. Tumemaliza Injili ya Marko, sura zote 16. Akina mama wa dagaa wameapa kutochanganya mchanga kwenye ndoo, na wengi wanatimiza. Mwenzetu mmoja amerudisha wavu aliouokota ziwani. Zakayo alirudisha mara nne, wetu mara moja, lakini kwa mwalo huu ni muujiza.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye bati. Boma unaloliona pale lina mwaka wa tatu likiwa hatua ya lenta. Tofali tulifyatua wenyewe, na mawe, kwa Mwanza hii, tulibeba tu vichwani. Kilichobaki ni kuezeka. Masika yameanza kula kuta. Mwezi uliopita mvua ilitukuta kwenye Luka 8, mfano wa mpanzi. Tukakimbia, Biblia sita zikavimba kama maandazi. Mbegu yetu haikuangukia mwambani, ilisombwa na maji.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi bati zote 60. Tulipiga vigelegele, tukampakilia ndoo nzima ya sato. Wa mwaka jana akasema ataongeza mbao juu ya bati za mwenzake. Sato walikwenda, bati hazijaja, na simu zinaita tu. Hatumlaumu mtu, viongozi wana majukumu. Ila tulipofika Mathayo 21, kwa yule mwana aliyesema "naenda" asiende, mzee mmoja aliuliza kama naye aliwahi kuwa mgeni rasmi. Tulimkanya.

Luka 18 nayo tumeisoma, yule mjane aliyemwendea kadhi mpaka kadhi akachoka. Hatukufananishi na kadhi dhalimu, hasha! Tunasema tu kwamba mjane ni sisi.

Kwa heshima kubwa, tunaomba bati 60 za geji 28, pamoja na mbao na misumari yake. Ikikuwia vigumu, hata bati kumi, mradi zifike. Ahadi tunazo za kutosha. Fundi yuko hapa, amevaa shati la bluu. Mhazini ameshika daftari na kalamu.

Sato wako wapo kwenye barafu, watapakiwa baada ya neno lako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi