Taa usiyoiona usiku ule

Ndugu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika jana, nami naijibu kabla ya habari za nyumbani, kwa kuwa uliposema umeiacha zamu ya kuangaza omoni, kule mbele ya chombo, umenikosesha usingizi. Unasema wewe na mpwa wako mlikuwa mkitazama upande mmoja, yeye akaiona taa ya ngalawa ile na wewe hukuiona, na tangu hapo unajihesabu mzembe.

Ubongo, Khamis, hautulii hata pale ambapo jicho halioni kitu. Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akakuta mtu anapofumba macho yanazidi mawimbi ya takriban 10 kwa sekunde. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, walieleza walichokiona kwa marmoseti, kima wadogo waliofunzwa kutafuta alama hafifu kwenye skrini. Alama ilikuwa na nguvu ileile, lakini mara kima aliiona, mara ilimpita. Walipochunguza walikuta mawimbi yanayosafiri juu ya ubongo mithili ya viwimbi vya maji bandarini: wimbi likipita mahali panapopokea picha ile wakati seli zimeamshwa, alama huonekana, zikiwa zimetulizwa, aghalabu hupotea ijapokuwa jicho limeipokea. Hali hiyo hugeuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wala haimngoji mtu ajitahidi.

Kima si binadamu, na ubongo wako hakuna aliyeupima usiku ule. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mtu aliyekodoa macho gizani aitwe mzembe kwa nuru iliyometa mara moja ikazimika. Tena sioni kwa nini mawimbi ya kichwa chako yaende sambamba na ya mpwa wako, na kwa hiyo ningependa omoni mkae wawili kila usiku, wewe ukiwa mmoja wao.

Lakini niambie kweli: taa ile ilimeta tu, au iliwaka dakika nzima? Kama iliwaka, wimbi halitoshi kuwa sababu, na macho yako yapimwe upesi. Mara ya mwisho yalipimwa lini? Mchana ule ulipata kulala? Nahodha amesemaje? Na kijana mwenyewe, anajua unavyojilaumu?

Nduguyo,
Salim