Kaka, lile tundu lilikuwa langu

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na watoto, na Mama kwa namna ya pekee. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi na gundi.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatukuelewana. Unakumbuka Mama alivyokunyang'anya simu akaniuliza, "Mwanangu, nasikia mnajenga nyumba zisizopitisha hewa. Watu wanavuta nini humo?" Nikacheka, nawe ukacheka, mara laini ikakatika. Tangu siku ile swali lake linanifuata saiti hadi saiti. Si swali la mzaha. Mimi mwenyewe lilinijia siku ya kwanza ya kazi, ila nilimeza mate nisije nikaonekana mshamba.

Wenyewe huku Ujerumani wanaziita Passivhaus. Maana yake ni kwamba nyumba inaishi kwa joto inalopata bila kuhangaika: jua linalopita dirishani, miili ya waliomo, taa, jiko la kupikia. Mtambo wa kupasha joto huwa mdogo hadi unautafuta. Wazo lilitokana na mazungumzo ya mwaka 1988 kati ya Bo Adamson, profesa wa Chuo Kikuu cha Lund kule Uswidi, na mwanafizikia wa hapa, Wolfgang Feist. Nyumba nne za kwanza, zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zilijengwa Kranichstein, mtaa wa mji wa Darmstadt, na watu wakahamia mwaka 1991. Feist na familia yake walikuwa miongoni mwao. Hilo ndilo lililonifanya nimheshimu yule mzee kuliko hesabu zake zote, maana alikubali kulala ndani yake.

Sharti lao ni kwamba kupasha joto kusile zaidi ya kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima. Kama mahesabu hayo yanakuchosha, lichukue hivi: siku ya baridi kali, wati 10 kwa mita ya mraba zinatosha. Chumba cha mita za mraba 20 kinataka wati 200, yaani balbu mbili za zamani za wati mia mia. Niliposikia hivyo nilidhani wananichezea kwa vile mimi ni mgeni.

Kuta huvishwa pamba ya madini au povu gumu, unene ambao kiganja kizima kikizama hadi kifundo bado hakijafika upande wa pili. Madirisha yana vioo vitatu, na katikati yake imejazwa gesi ya agoni. Asubuhi ya baridi utakuta umande umeganda kwenye uso wa nje wa kioo, huku uso wa ndani ukiuweka kiganja hausikii ubaridi. Lakini vitu hivyo mwenye pesa hununua, vikaletwa kwa lori. Kinachowashinda watu ni kuziba.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga lipu, kwa hiyo sehemu hii utanielewa. Kwenye nyumba ya matofali, lipu ya ndani ndiyo ngozi inayozuia hewa. Kwa hiyo tunaipiga hadi kwenye zege la chini, kabla sakafu haijamwagwa, na nyuma ya mabomba kabla hayajafungwa. Yaani tunapiga lipu mahali ambapo hakuna jicho litakalofika tena. Mwanzoni nililalamika kimoyomoyo: wewe uliniambia lipu nzuri ni ile inayopendeza, na huku wananipa sifa kwa lipu ambayo haitaonekana! Paani kazi hiyo hufanywa na nailoni maalumu, inayounganishwa kwa mikanda ya gundi. Kabla ya yote msimamizi hushika mchoro na penseli, akaifuatisha ngozi hiyo kuzunguka nyumba nzima: ukuta, dirisha, ukuta, paa, chini, hadi alipoanzia. Penseli ikilazimika kunyanyuka, pale ndipo nyumba itavuja, na mchoro unarudi kwa aliyeuchora.

Uvujaji wenyewe si suala la baridi tu. Pumzi ya watu, mvuke wa sufuria na wa bafu vina maji. Hewa hiyo ya moto ikipata upenyo inajipenyeza ndani ya ukuta, inakutana na ubaridi, inageuka matone katikati ya pamba. Ukuta unaumwa ndani kwa ndani. Ukija kuona kuvu kwenye kona, mbao zimeshaoza. Usipoziba ufa, Kaka, methali yetu hii huku wanaipima kwa mashine.

Na mashine hiyo ndiyo iliyoniumbua.

Siku ya kupima, mlango wa mbele unawekewa fremu yenye kitambaa kizito, na katikati ya kitambaa kuna feni. Madirisha yote yanafungwa. Feni ikivuta, nyumba nzima inakuwa kama imevuta pumzi ikaishikilia. Shinikizo linafikishwa paskali 50, karibu sawa na upepo wa kilomita 30 kwa saa unaosukuma kila upande kwa wakati mmoja. Kisha wanasoma kiasi cha hewa kinachopenya. Kwa saa moja isizidi sehemu 0.6 ya hewa yote iliyomo ndani. Wanavuta, halafu wanageuza wanapuliza.

Nyumba tuliyokuwa tunajenga ilisoma 0.8.

Hakuna aliyesema kitu. Tukagawana vyumba. Unalowesha mgongo wa mkono, unaupitisha polepole kwenye kila kona, na wengine wanashika kijiti cha moshi. Madirisha salama. Soketi salama. Nikapanda chumba cha juu kabisa, nikawasikia wenzangu wawili wamenyamaza mno. Kwenye dari, nyuma ya boriti, kipande cha nailoni kilikuwa kinapepea kama bendera, kikipiga mluzi mwembamba. Niliutambua mkanda ule kabla sijafika. Wiki mbili nyuma nilikata tundu la bomba la kutolea harufu ya choo, upana wa kiganja, kumbe boriti inapita hapo hapo. Nikahamisha bomba, nikabandika kiraka kwenye lile la kwanza, na kwa kuwa ilikuwa saa ya kuondoka sikufuta vumbi. Kwa macho kiraka kilikuwa safi kabisa. Kwa paskali 50, gundi yangu ilikuwa imeshika vumbi, na vumbi halikushika kitu.

Ningeweza kunyamaza, maana waliopita pale ni wengi. Nikasema, "Hili ni langu." Msimamizi hakugomba. Alinipa kitambaa cha kufutia, akashuka. Nilifuta, nikabandika upya, nikausugua mkanda kwa kipande cha plastiki hadi ukashika kama ngozi. Tukapima tena: 0.5. Na sababu ya kupima mapema ni hiyo hiyo, dari ikishafungwa tundu kama lile ungelisikia tu kwenye bili, kila mwaka, usijue linatoka wapi.

Sasa nimjibu Mama. Mwambie hewa haijakatazwa kuingia, imekatazwa kuingia kwa wizi. Kuna kisanduku kama kabati dogo ambacho kinafanya kazi mchana na usiku. Kinanyonya hewa chafu jikoni, bafuni na chooni, kinaitoa nje. Na kinaleta hewa mpya, iliyochujwa, kwenye vyumba vya kulala na sebuleni. Kila mtu anahesabiwa karibu mita za ujazo 30 kwa saa. Chini ya milango ya ndani tunaacha nafasi ndogo ili hewa ipite kutoka chumba hadi chumba, na ole wako fundi ukiiziba kwa bidii ya kupita kiasi. Ndani ya kisanduku, hewa inayotoka na inayoingia zinapishana kwenye mifereji myembamba, ukuta mmoja tu kati yao. Hazichanganyiki hata kidogo, ila ya moto inaiachia ya baridi joto lake. Nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, kisanduku kinachookoa asilimia 75 ya joto kinaingiza hewa ya nyuzi 15, na vilivyo bora vinazidi hapo. Nikilinganisha na chumba nilichopanga nilipofika huku, ambako upepo ulipita dirishani huku kona zinanuka uvundo, naona ni kule ndiko nilikovuta hewa mbaya.

Madirisha yanafunguka, mwambie. Watu wengi hata huku wanadhani yamepigwa misumari.

Lakini kuna kitu Mama yuko sahihi kabisa, na usikifiche. Moto wa mkaa au kuni unaovuta hewa ya chumbani hauna nafasi kwenye nyumba ya namna hii. Moshi wake una ile gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na hakuna nyufa za kuisaidia itoke. Anayetaka moto lazima awe na jiko lililofungwa, lenye bomba lake la kuleta hewa kutoka nje na bomba la kutoa moshi. Hofu ya Mama ndiyo hofu ya wahandisi.

Wewe uliuliza umeme ukikatika. Kisanduku kinasimama, unafungua dirisha, basi. Nyumba yenyewe inapoa polepole sana.

Zina ila zake, sitakudanganya. Majira ya baridi hewa ya ndani huwa kavu, midomo inachanika. Machujio yasipobadilishwa kisanduku kinakohoa kama mzee, na wapangaji wengi hawakumbuki kabisa kwamba yapo. Na wachoraji wanapenda vioo vikubwa mno kuelekea jua. Kiangazi kikifika nyumba inageuka tanuri. Kanuni inataka nyuzi 25 zisivukwe kwa zaidi ya asilimia 10 ya saa za mwaka, lakini kanuni haitundiki mapazia. Kivuli kinatakiwa kiwe nje ya kioo; pazia la ndani linalizuia jua likiwa limeshaingia. Hili liweke akilini hata mahali pa joto, maana ukuta unaozuia joto lisitoke ndio unaolizuia lisiingie, mradi jua limezuiwa kwanza.

Nimeandika hadi taa ya chumba cha mwenzangu imezimwa. Mpe Mama barua asomewe yote, hata ile sehemu ya tundu. Kesho kutwa tunapima nyumba nyingine, nailoni ya paa nimefunga mimi. Leo jioni wenzangu walipoondoka nilibaki na tochi na kitambaa, nikaupitia kila mkanda kwa kidole. Niliporidhika nikakuta vumbi nyuma ya bomba moja, nikaanza upya.

Mdogo wako